Mali bila daftari: hesabu za Mwalimu baada ya mikutano ya wakubwa



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo tumezoea kuusikia dukani na kwenye vyama vya ushirika. Leo nataka kuupeleka mahali ambapo watu hawaupeleki sana, yaani kwenye siasa ya nchi za nje. Kiongozi akifunga safari kwenda kukaa meza moja na wakubwa wa Ulaya, akapigwa picha, akala chakula cha usiku, akarudi nyumbani: hesabu anampa nani? Na anaiandika wapi?

Swali hili si la kitabuni tu. Desemba 2025 serikali ya Uswidi ilitangaza kwamba itasitisha misaada ya maendeleo kwa nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, ili fedha zaidi ziende Ukraine. Hapa Fittja habari ile tuliijadili kwenye treni ya chini kwa chini na kwenye foleni za maduka. Wengine walisema Waswidi wametutupa. Wengine wakasema afadhali, tujifunze kusimama wenyewe. Kilichonisumbua mimi ni kitu kingine. Upande wa Uswidi nilijua mahali pa kutafuta sababu, maana waziri alizitaja hadharani, uzipende usizipende. Upande wetu nilitafuta hotuba moja ya maana inayowaeleza wananchi urafiki huu wa zaidi ya miaka sitini ulikuwa wa nini, ulitupa nini, na sasa tunaelekea wapi. Bado natafuta.

Waswidi wenyewe wana utaratibu wao. Tangu walipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 1995, bunge lao lina kamati maalumu ya mambo ya Umoja huo. Waziri Mkuu akitaka kwenda Brussels kwenye mkutano wa wakuu wa nchi, kwanza anapita kwenye kamati ile, anaeleza msimamo atakaouchukua, anahojiwa. Akirudi, anasimama bungeni kueleza kilichotokea. Mara nyingi ni maneno makavu, yanachosha, na ukumbi haujai. Lakini daftari lipo. Mwanafunzi wa mwaka 2080 atalifungua na kusoma.

Sasa, jamani, tusidhani jambo hili ni la Wazungu. Sisi tuliwahi kuwa nalo, tena kwa kiwango ambacho Wazungu wengi hawakukifikia. Mwalimu Nyerere alikuwa na tabia ya kurudi na kutoa hesabu. Naomba nipitie kurasa chache za daftari lake, pamoja na zile zenye madoa.

Ukurasa wa kwanza ni wa mwaka 1961, hata uhuru haujafika. Machi mwaka ule wakuu wa Jumuiya ya Madola walikutana London, na swali kubwa lilikuwa Afrika Kusini. Nchi ile ilikuwa inageuka kuwa jamhuri, kwa hiyo ilibidi iombe upya kubaki kwenye Jumuiya. Nyerere hakualikwa. Alikuwa Waziri Kiongozi wa nchi iliyo bado chini ya gavana. Akaandika makala katika gazeti la Observer la London, akasema waziwazi kwamba Tanganyika itakayokuwa huru haitaweza kukaa kwenye jumuiya moja na serikali ya ubaguzi: wakiichagua Afrika Kusini, wametukataa sisi. Siku chache baadaye Verwoerd aliondoa ombi lake. Sisemi makala peke yake ndiyo iliyomtoa, kwa sababu viongozi wa India, Ghana, Malaya na Kanada walikuwa ndani ya ukumbi wakibanana naye. Lakini angalieni njia yenyewe. Mtu asiye na kiti mkutanoni aliweka msimamo wake kwenye karatasi, mbele ya macho ya wote, kabla mkutano haujamalizika. Baada ya hapo hata yeye mwenyewe asingeweza kurudi nyuma.

Ukurasa wa pili ni wa Wajerumani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na Wajerumani wale wakafungua ubalozi Unguja. Aprili 26 ukaja Muungano. Hapo Mwalimu akajikuta amerithi ndoa mbili zisizopatana. Bonn ilikuwa na sheria yake iliyoitwa kwa jina la Hallstein: nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki, Bonn inavunja nayo uhusiano. Na Bonn ndiyo iliyokuwa ikisaidia kuanzisha kikosi chetu cha anga. Berlin Mashariki nayo iliahidi nyumba na wataalamu Zanzibar, na Mzee Karume hakuwa mtu wa kumnyang'anya alichokwisha kukipokea.

Mapema mwaka 1965 Mwalimu akatafuta njia ya kati. Ubalozi wa Unguja ufungwe, Ujerumani Mashariki iwe na konseli kuu Dar es Salaam, bila ya kutambuliwa rasmi kama dola. Bonn haikuridhika, ikakatisha ghafla msaada wa kijeshi. Mwalimu akajibu kwa namna iliyowashangaza wengi: kama msaada ni kamba ya kutufungia shingo, basi chukueni na uliobaki. Kwa nchi maskini ya miaka mitatu na ushee, maneno hayo yalikuwa na bei. Miradi ilisimama. Wapo waliosema Mwalimu ana kiburi. Ninachotaka mkione ni kwamba aliyaeleza haya hadharani, akataja ni nani alitaka nini na kwa nini alikataa. Hakusema tu "mazungumzo yalikuwa ya kirafiki na yenye mafanikio".

Nikitembea hapa mtaani huwa nakumbuka hadithi hiyo. Magorofa ya Fittja yalijengwa kwenye mpango wa Waswidi wa kujenga nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974. Majumba ya Michenzani pale Ng'ambo ni ya zama zilezile, kwa mpango wa Wajerumani Mashariki. Zege ni lile lile, mistari mirefu ni ile ile. Wazanzibari wanaolala Michenzani na wahamiaji wanaolala Fittja wote wanaishi ndani ya maamuzi ya siasa ya miaka ile ya sitini, ingawa si wote wanajua nani alikubaliana na nani. Siasa ya nje si jambo la mabalozi peke yao. Inaweza kuwa ukuta wa chumba chako cha kulala.

Ukurasa wa tatu ndio mzito kuliko yote. Novemba 11, 1965, Ian Smith alijitangazia uhuru Rhodesia, kwa niaba ya Wazungu wasiozidi robo milioni katika nchi yenye Waafrika kama milioni nne. Uingereza, mwenye koloni, ikasema haitatumia nguvu. Mapema Desemba mawaziri wa nchi za OAU walikutana Addis Ababa wakaazimia: ikiwa Uingereza haitakuwa imeuzima uasi ule ifikapo Desemba 15, nchi zote wanachama zivunje uhusiano wa kibalozi nayo.

Azimio lilipita vizuri kabisa. Mikono ilinyooshwa, makofi yakapigwa. Halafu siku zikaanza kuhesabika, na viongozi wakaanza kukohoa. Mmoja akasema anahitaji muda. Mwingine akasema mawaziri walivuka mipaka yao. Wengine walinyamaza tu.

Desemba 14 Mwalimu akasimama bungeni Dar es Salaam. Hotuba ile baadaye ilichapwa, na heshima ya Afrika ndiyo nguzo yake. Mimi nimeisoma mara nyingi na kila mara nashangaa jinsi ilivyopangwa kama hesabu ya karani. Anaanza na historia ya suala lenyewe, Uingereza iliahidi nini tangu mwanzo na ilifanya nini. Anaeleza tofauti kati ya uhuru wa nchi na uhuru wa watu wachache. Anafika kwenye azimio la Addis, anauliza: hivi tuliposema, tulimaanisha? Kama hatukumaanisha, nani atatuamini tena? Kisha anakuja kwenye gharama. Haifichi. Anasema kuvunja uhusiano hakutamwangusha Smith. Anasema hana ugomvi na watu wa Uingereza, na kwamba Tanzania haitoki kwenye Jumuiya ya Madola, kwa sababu Jumuiya si mali ya Uingereza peke yake.

Siku ya pili yake uhusiano ukavunjwa. Katika nchi zaidi ya thelathini za OAU, zilizotimiza ahadi hazikufika kumi. Uingereza ikausimamisha mkopo usio na riba wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekwisha kukubaliwa. Uhusiano haukurudi mpaka Julai 1968. Na Smith alikaa madarakani karibu miaka kumi na minne zaidi.

Basi wenye kejeli huuliza: ilisaidia nini? Ni swali la haki. Kwa hesabu ya pauni, tulipata hasara tupu. Lakini miezi kumi na minne baada ya hotuba ile likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na sehemu ndefu ya Azimio hilo inakataa dhana ya kwamba fedha za kigeni ndizo zitakazotuendeleza. Hoja hiyo haikutoka hewani. Ilitoka kwenye ndege za Bonn zilizoondoka na pauni za London zilizofungiwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu hata ndugu hakuwa. Na Oktoba 1967, kwenye mkutano mkuu wa TANU kule Mwanza, Mwalimu alitoa taarifa nzima juu ya siasa ya nje, akiwaeleza wajumbe, wengi wao wakulima na waalimu wa shule za msingi, kuhusu Wajerumani wawili, Waingereza, Wachina na Wamarekani. Mjumbe kutoka Newala au Ngara alirudi kijijini anajua kwa nini nchi yake imegombana na London. Niambieni, leo mjumbe gani anarudi kijijini na habari kama hizo?

Sasa na nchi za Nordiki. Hawa walikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 1963 nchi tano, Uswidi, Norwei, Denmaki, Ufini na Aisilandi, zilikubaliana na Tanganyika kujenga kituo cha Kibaha: shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima, kituo cha afya. Mwaka 1970 kikakabidhiwa kwa serikali yetu. Wengi mnaosoma hapa mna kaka, binamu au rafiki aliyepita Kibaha, kama si nyie wenyewe. Uswidi ikaingia pia kwenye umeme wa maji, Kidatu ikiwa mfano mkubwa, na kwenye elimu ya watu wazima. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza miaka ya sabini, vilichukua mfano wa vyuo vya wananchi vya huku Uswidi.

Na tusimsahau Mama Barbro Johansson. Alikuja Bukoba kama mwalimu wa misheni, akawa mbunge wetu kabla ya uhuru, akachukua uraia wa Tanzania, na baadaye akafanya kazi katika ubalozi wetu hapa Stockholm. Mswidi wa kuzaliwa anawawakilisha Watanzania mbele ya Waswidi! Mwanadiplomasia wa namna hiyo haokotwi barabarani.

Urafiki huu ulikuwa na siasa ndani yake. Tangu 1969 bunge la Uswidi lilikubali misaada ya kibinadamu kwa vyama vya ukombozi, na vingi vilikuwa na ofisi Dar es Salaam. Hata kabla ya hapo, fedha za Uswidi zilikwisha kufika kwenye taasisi ya elimu ya Wamsumbiji iliyokuwa Dar chini ya Janet Mondlane. Olof Palme alikuja Tanzania Septemba 1971, akaendelea hadi Zambia, akasimama kando ya mto Zambezi akitazama ng'ambo. Baadaye yeye na Mwalimu walikuwa pamoja katika kundi la viongozi sita, pamoja na Argentina, India, Meksiko na Ugiriki, waliozitaka dola kubwa mwaka 1984 zisimamishe mashindano ya silaha za nyuklia, na Januari 1985 wakakutana New Delhi. Palme aliuawa hapa Stockholm Februari 28, 1986, wiki moja baada ya kuhutubia mkutano mkubwa dhidi ya ubaguzi wa rangi ambao Oliver Tambo alikuwapo.

Lakini tusijidanganye kwa kumbukumbu tamu. Daftari la Mwalimu lina madoa, na mwanahistoria anayeyafuta si mwanahistoria.

Doa la kwanza ni Biafra. Mwaka 1965 Mwalimu aliwakemea wenzake kwa kulivunja azimio la OAU. Aprili 1968 Tanzania ikaitambua Biafra, kinyume cha msimamo wa OAU hiyohiyo. Alieleza sababu, tena kwa uchungu wa kweli juu ya watu waliouawa. Hata hivyo mtu wa Lagos alikuwa na haki ya kuuliza: heshima ya Afrika ya mwaka 65 imekwenda wapi?

Doa la pili ni kubwa zaidi. Hesabu ile ilitolewa mbele ya nani? Bunge la Desemba 1965 lilikuwa bunge la chama kimoja. Lilisikiliza, likapiga makofi. Hakuna aliyeweza kusimama na kusema, "Mheshimiwa Rais, hapana, pauni milioni saba na nusu ni nyingi, tusubiri." Oscar Kambona, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitofautiana na Mwalimu, akajiuzulu 1967 na kukimbilia London. Hesabu yake yeye hatukuisikia bungeni. Tuliisikia kwa minong'ono kutoka ughaibuni. Huyo ni mwenzetu, ndugu zangu, mmoja wa wa kwanza kuishi maisha haya ya kuitazama nchi kwa mbali. Kwa hiyo tunaposema Mwalimu alitoa hesabu, tuongeze: alikuwa mweka hazina na mkaguzi kwa wakati mmoja.

Mbona basi nasema bado ina thamani? Kwa sababu hesabu iliyoandikwa humfunga aliyeiandika. Sisi tunaweza leo kumkosoa kwa Biafra kwa kutumia maneno yake mwenyewe ya mwaka 1965. Angekaa kimya, tungekosa hata pa kushikia. Kiongozi asiyeandika hakosolewi, anasengenywa tu.

Yapo pia mambo ambayo msimamo wa muda mrefu uliyazaa. Agosti 1979 wakuu wa Jumuiya ya Madola walikutana Lusaka, Margaret Thatcher akiwa na miezi mitatu tu madarakani. Wengi walitegemea ugomvi. Mwalimu alifungua mjadala wa Kusini mwa Afrika kwa sauti ya upole, akaacha mlango wazi. Kikundi kidogo kikajifungia, yeye, Kaunda, Thatcher, Manley wa Jamaika, Fraser wa Australia na wengine wachache, kikatoka na makubaliano yaliyofungua njia ya mazungumzo ya Lancaster House. Aprili 18, 1980 Zimbabwe ikawa huru. Aliyekuwa mkali mwaka 1965 ndiye aliyeweza kuwa mpole mwaka 1979 bila ya mtu kumwita msaliti. Upole wake ulikuwa na akiba benki.

Kisha zikaja zile siku tunazozikumbuka wote wa rika langu: foleni za sukari, sabuni ya kugawana, kaniki za dukani. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula hazina, mafuta yamepanda, na OAU pale Monrovia mwaka 1979 ilikuwa na wakosoaji waliotulaumu kwa kuingia Uganda. Mwalimu akagombana na IMF hadharani Januari 1980. Safari hii hata marafiki wa Nordiki walianza kusema pole pole: pataneni na hao watu. Mwalimu akaondoka madarakani Novemba 1985, na mkataba na IMF ukaja Agosti 1986 chini ya Mzee Mwinyi. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, daftari lilipoanza kufungwa. Masharti yalijadiliwa na maofisa wa hazina na wageni hotelini, na wananchi wakayajua kwa bei ya unga.

Mfano mmoja wa karibu unaonyesha kwamba tabia ile haijafa kabisa. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulitaka nchi za Afrika Mashariki zisaini mkataba wa ubia wa kiuchumi, ule wa EPA. Kenya na Rwanda zikasaini Septemba. Tanzania ikasita. Rais mstaafu Mkapa, ambaye aliwahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliandika magazetini kwa hoja akieleza viwanda vyetu vitapata hasara gani. Novemba mwaka huohuo Bunge likaujadili mkataba kabla ya kusainiwa, na likaishauri Serikali isisaini. Kenya ilikwenda njia yake, ikasaini mkataba wake peke yake na Ulaya Desemba 2023, na ukaanza kutumika Julai 2024. Nani alipatia? Wachumi wataendelea kubishana. Ila mwaka ule mtu wa kawaida aliweza kujua tunakataa nini na kwa sababu gani.

Katiba yetu, ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Lakini mikutano ya wakuu haitoi mikataba kila mara. Inatoa matamko, ahadi na picha. Februari 2022 wakuu wa Afrika na Ulaya walikutana Brussels, Ulaya ikazungumzia uwekezaji wa yuro bilioni 150 kwa Afrika. Muulizeni mbunge wako, kama unaye: katika hizo, zetu ni ngapi, za kazi gani, na kwa masharti yapi? Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa halidaiki.

Nimalizie na sisi tuliosoma na kubaki huku. Kazi ya kuandika hesabu si ya marais peke yao. Waswidi wamehifadhi karatasi zao za Kibaha, za Kidatu na za vyama vya ukombozi, na wamezichapisha kwa vitabu vizito. Upande wetu wazee waliokaa kwenye vyumba vile, makarani, wakalimani, maofisa wa ubalozi, wanaondoka mmoja mmoja. Msaada wa Uswidi ukimalizika, historia yake itaandikwa na mtoaji tu, isipokuwa kama mpokeaji naye ataandika. Mwenye mzazi au jirani aliyefanya kazi hizo, amkalishe, amuulize, aandike kwa Kiswahili. Msingoje ruzuku.

Naomba kuwasilisha. Wenye hoja tofauti, hasa juu ya Biafra na Kambona, karibuni.

Fittja, Stockholm